Mkokoteni wa Anthony Crawford

Nyumbani gunia lilikuwa na kilo 52. Nilipima mwenyewe kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoifunga kwenye tawi la mwembe, na kwa kuwa najijua nilivyo mbishi, nikapima tena. Hamsini na mbili. Tukalipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe pamoja na mengine sita, tukaenda kituo cha kununulia pamba, foleni ikatuweka mpaka saa nane mchana. Karani akatazama mshale, akaandika, akasema bila kuinua macho, "Arobaini na nane, mzee."

Baba akasema, "Haya."

Basi. Haya.

Nilifungua mdomo. Baba akanigusa kiwiko, si kwa nguvu, kama mtu anayemfukuza nzi mgongoni mwa ndama. Nikaufunga. Tukarudi nyumbani hatusemezani, ng'ombe wakijiongoza wenyewe, na zile kilo nne zimekaa katikati yetu kwenye mkokoteni mtupu.

Usiku, Mwanza

Hasira ya mizani ni hasira ya kurithi huku kwetu. Babu yangu aliingia kwenye ushirika enzi za kiongozi wake Paul Bomani, wakulima wa Kanda ya Ziwa walipochoka kuibiwa na mizani za wafanyabiashara, wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na wazee wa Maswa hadi leo wanalitaja jina hilo kama wanamtaja shemeji aliyewahi kuwasaidia. Mambo haya mnayajua.

Niliporudi Mwanza nilikuwa nasoma hayo kila usiku, natafuta silaha. Nilitaka kumrudia baba na kumwambia: baba yako hakusema haya.

Kusoma kwa usiku hakuna breki. Kutoka pamba ya Usukuma nikaingia pamba ya Misri, nikaingia pamba ya kusini mwa Marekani, na saa saba kasoro nikawa nimesimama katika mji mdogo uitwao Abbeville, jimbo la South Carolina, mbele ya mkulima mweusi aliyekataa bei.

Jina lake Anthony Crawford. Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba 1916 alikuja mjini na mzigo wake. Mfanyabiashara Mzungu, mwenye duka katika uwanja wa mji, akamwambia senti 85. Crawford akamjibu kwamba kwingine amekwisha kuahidiwa bei nzuri zaidi. Yule akamwita mwongo. Crawford akamrudishia maneno, na hakuyatafuna.

Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Nilimpenda kwa sababu mbaya

Lazima nikiri. Wiki ya kwanza nilimbeba Crawford kama fimbo. Nikikaa kwenye daladala nilikuwa naandaa hotuba kichwani: Baba, kulikuwa na mtu, mtoto wa watumwa, katika nchi ambayo mweusi kumjibu Mzungu ilikuwa kesi, na bado hakukubali kupangiwa bei. Wewe uko kwenye nchi yako, una kadi ya chama mfukoni, unasema haya.

Hotuba ilikuwa nzuri sana. Kila nilipoirudia ilizidi kuwa nzuri, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka.

Crawford alilipa nini? Baba alipoteza kilo nne kwa gunia. Mwenzake alikamatwa, akapelekwa polisi, akatoka kwa dhamana ya dola 15, akaelekea kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kundi likamfuata. Akajificha, akajitetea kwa nyundo, wakamzidi. Mkuu wa polisi wa wilaya akamtoa mikononi mwao akamfungia jela akiwa majeruhi, na alasiri wakamtoa humo jela. Yaliyofuata sitayaandika saa kwa saa. Yameandikwa mengi na yanapatikana. Nimeona tunavyoyasoma, sisi tusioguswa nayo: macho yanakimbia mbele kutafuta kibaya zaidi. Ilitosha kujua kwamba walimwangika kwenye mti, wakammiminia risasi, na kwamba walikuwa mamia.

Sasa mimi, kijana wa Mwanza mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, nilikuwa namchukua mtu huyo nimchape naye mzee wa miaka sabini na kitu kwa ajili ya kilo nne.

Nikaiacha hotuba. Crawford hakuniacha.

Mbegu

Wiki ya tatu niligundua nilikuwa nimesoma vibaya. Nilidhani waligombania pamba. Walichogombania ni mbegu za pamba.

Kwa msomaji wa Dar labda hakuna tofauti. Kwetu ipo, tena kubwa. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga anauza pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, nyuzi na punje kwa pamoja. Jineri ndiyo inayotenganisha. Nyuzi zinafungwa marobota, mbegu zinakamuliwa mafuta, mashudu yanaliwa na ng'ombe wa mtu mwingine. Katika kilo 100 anazopeleka baba, nyuzi hazifiki hata nusu. Zilizobaki, karibu zote, ni mbegu.

Kule mkulima alipeleka pamba jineri, akalipia kuchambuliwa, robota likabaki lake na mbegu zikabaki zake. Robota la ratili 500 liliacha mbegu za ratili kama 1000. Hizo akaziuza peke yake, kwa bei yake, kwa anayemtaka. Ndiyo maana siku ile Crawford alikuwa na mazungumzo mawili ya bei, na la pili ndilo lililomwua.

Kulikuwa na kitonge cha pamba kwenye mfuko wa shati nililovaa siku ya kituoni. Nikakitoa nikakichambua kwa kucha, mezani, chini ya taa. Ukitaka kujua kwa nini dunia ilihitaji mashine kwa kazi hii, jaribu. Mbegu haikubali kuachana na nyuzi. Unavuta, nyuzi inakatika, punje inabaki na manyoya ya kijivu kama mgongo wa panya mchanga. Kitonge kimoja kilinimaliza dakika kadhaa. Nikapata mbegu saba, ndogo kuliko punje za mahindi. Nikatafuna moja. Mafuta mabichi, halafu uchungu unaokuja nyuma, taratibu.

Nikafikiri: huyu bwana alikuwa akilipwa kwa kitu ambacho baba yangu anakitoa kila mwaka bila hata kukitaja.

Kisha mwezi wa kumi na moja kinamrudia baba kwenye mfuko, kimeandikwa deni la pembejeo.

Siku moja imeimeza miaka hamsini

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuliwa na jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Karibu kila kinachosemwa juu ya Anthony Crawford kinasemwa kwa sababu ya Jumamosi moja. Ungetaka kujua kuhusu Jumanne yoyote ya maisha yake, uokoteze. Nimeokoteza. Alizaliwa wakati utumwa wa Marekani unakata roho, baba yake alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwenye ardhi. Alijua kusoma na kuandika, akawa katibu wa kanisa lake la Kimethodisti, Chappelle AME, miaka nenda rudi. Watoto zaidi ya kumi. Ardhi: ekari 427, nyingine za urithi, nyingine alizinunua mwenyewe, kipande kwa kipande. Wanawe waliooa walijenga na kulima kumzunguka. Wazungu wengi wa wilaya ile hawakuwa na nusu ya mali yake, na hilo kila mtu mjini alilijua.

Inakumbukwa pia kwamba alikuwa akiwaambia watoto wake: siku Mzungu atakaponipiga ndiyo siku nitakayokufa.

Sentensi hii hupendwa sana na wanaomwandika. Inamfanya awe shujaa tangu mwanzo, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku yake. Mimi nilipoirudia mara ya tano nikaisikia vingine. Baba anayewaambia watoto maneno hayo mezani anafanya hesabu. Anajua mji wake. Anajua bei ya kila neno pale uwanjani, na kwa miaka thelathini amekuwa akilipia hapa, akinyamaza pale.

Maana ekari 427 hazinunuliwi na mtu anayegombana kila Jumamosi.

Mara ngapi alisema haya? Mara ngapi aliona mshale wa mizani umedanganya, akageuza nyuso za wanawe kwa kuwagusa kiwiko? Hakuna aliyeandika siku hizo, kwa kuwa siku hizo hakuuawa.

Watu wasiojulikana

Abbeville ni mji wa watu kama elfu tano. Una uwanja wa matofali mekundu katikati, jumba la tamthilia la mwaka 1908, na mnara wa askari wa Kusini waliopigana kutetea utumwa. Wenyeji wameuita mji wao mahali Muungano wa Kusini ulipozaliwa na ulipofia: mkutano wa kutaka kujitenga na Marekani ulifanyika hapo Novemba 1860, na Mei 1865 Jefferson Davis, rais wa Muungano huo, alikalia hapo baraza lake la mwisho la vita. Mji wenye kumbukumbu nzuri, ikitaka.

Kwa Crawford kumbukumbu ilipotea. Waliomwua walikuwa majirani, wengine wakijulikana kwa majina, mchana, mjini. Hakuna aliyehukumiwa. Katika mauaji ya namna hii maofisa wa kusini walikuwa na maneno yao ya kufungia jalada: ameuawa na watu wasiojulikana.

Msomaji wa Tanzania, maneno hayo hayahitaji tafsiri wala maelezo.

Yapo na mengine ya kwetu ya magazetini, "wananchi wenye hasira kali". Hasira inapewa sifa, wananchi hawapewi majina. Na sisi wa Usukuma hatuna pa kujificha kabisa. Nimekulia kwenye kijiji ambacho bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia alikuwa akiogopa kukipita kisima saa za jioni, na aliyekuwa akimtishia hakutoka mbali. Alikuwa jirani, pengine mjukuu anayetaka shamba. Kwa hiyo ninapoutazama mji ule mdogo wa Marekani sitaki kujifanya naushangaa. Naijua harufu yake.

Familia ya Crawford iliamriwa ihame wilaya. Weusi wengi waliondoka Abbeville baada ya hapo, wakafuata njia iliyokuwa imekwisha kufunguka ya kwenda miji ya kaskazini. Shamba halikubaki mikononi mwa watoto wake. Ukoo mmoja ulifika Evanston, Illinois, na ndiko alikotoka Doria Dee Johnson, kilembwe wake, aliyetumia maisha yake kuiuliza Marekani juu ya babu huyo. Juni 2005 Baraza la Seneti lilipopitisha azimio la kuomba radhi kwa kushindwa kwake kutunga sheria dhidi ya mauaji ya namna hiyo ya makundi, yeye alikuwepo. Miswada karibu 200 ilikuwa imepelekwa bungeni katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wabunge wa baraza la chini walipitisha mitatu. Seneti, hata mmoja. Sheria yenyewe ilisainiwa Machi 2022. Doria alikuwa amefariki 2018.

Lakini Oktoba 2016, miaka 100 baadaye, ukoo ulirudi Abbeville na bango la chuma likasimamishwa pale pale uwanjani, kwa msaada wa Equal Justice Initiative, shirika la Montgomery, Alabama. Sasa mtu akija kununua kitu dukani anasoma. Nimekaa na picha ya bango hilo muda mrefu. Ni kitendo kikubwa, sikatai. Hata hivyo, na hapo, yaliyojaza maneno ni ya Jumamosi ile.

Maswali ya baba

Desemba nilirudi Maswa kusaidia kupanda. Baba alikuwa chini ya mwembe, amemwaga mbegu kwenye turubai, anazisugua na majivu manyoya yasishikane. Mama alituletea michembe na karanga. Nikamsimulia. Sikutoa hotuba. Nilimwambia tu kwamba kulikuwa na mkulima mwenzake.

Alisikiliza mpaka mwisho mikono yake ikiendelea na mbegu. Alipoambiwa walivyomtoa jela, mikono ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Ekari ngapi umesema?"

"Mia nne na ishirini na saba."

Akapiga mluzi. "Zina hati?"

"Zina hati."

"Mwaka gani huo?"

"Kumi na sita. Mwaka ule Waingereza walipoingia Mwanza kumtoa Mjerumani."

"Baba yangu alikuwa hajazaliwa," akasema, na nikaona anapima, si miaka, ni ekari. "Palizi alikuwa anamwachia nani?"

"Wanawe. Walijenga hapo hapo."

"Kama kaya yetu zamani." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama amekuta hesabu imekaa. "Analima kwa ng'ombe?"

"Huko walitumia sana nyumbu."

"Nyumbu?" Akaacha kabisa kazi. "Hawa wa Serengeti?"

"Hapana, baba. Mtoto wa punda na farasi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye alitabasamu, lakini alikuwa bado shambani kwa Crawford, namwona anavyotembea kwenye mistari. Akauliza kule wanapanda lini. Nikamwambia mwezi wa nne, wa tano. Wanavuna? Kuanzia wa tisa mpaka wa kumi na moja hivi.

Akahesabu kwa vidole vyenye majivu.

"Basi alikuwa hajamaliza. Pamba ya mwisho ilikuwa bado imesimama."

Miezi yote ile ya kusoma sikuwahi kuiona. Mashina yamesimama, vitumba vimepasuka, nyeupe kwenye ekari zote zile, Jumatatu ya tarehe 23 Oktoba, na wanawe wameambiwa wafungashe.

Nikapata ujasiri wa kumuuliza habari ya kilo nne. Nilimuuliza kwa upole, nadhani. Akanijibu huku akichagua punje zilizooza na kuzitupa pembeni.

"Ningesema neno, magunia yote saba yangekuwa fifi."

Ndiyo ile pamba ya daraja la pili, bei ya chini. Alikuwa ameweka kwenye mizani yake kilo nne kwa gunia upande mmoja, na daraja la mzigo mzima upande wa pili, akasoma mshale kabla karani hajausoma. Yote hayo ndani ya ile haya, na mimi nikadhani ni woga. Sisemi ni haki. Bado nina hasira na yule karani na nitakuwa nayo. Ila nilijisikia mdogo pale kwenye turubai.

"Na mkokoteni?" baba akasema baada ya muda.

"Mkokoteni gani?"

"Wa huyo bwana. Amekwenda mjini na mzigo, wamemkamata, wamemfanya hayo waliyomfanya. Wanyama wako pale wamefungwa tangu asubuhi. Nani aliwafungua?"

Mama alikuwa ameacha kucheka zamani.

Baba akainuka, akapangusa majivu kwenye suruali, akaenda zizini. Ng'ombe wetu tulikwisha kuwafungua tangu saa sita na walikuwa wamekunywa maji. Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja, akiwashika shingo pale nira inapokaa.